Nyuki wa Pili

Nyuki wa kwanza aliniuma Desemba, nyuma ya nyumba yetu huko Kajiado, nikimsaidia Baba kufungua mzinga. Mkono ulifura kidogo, ukapoa kufikia jioni. "Sasa wewe ni mfugaji," Baba akasema. Hakuwa ameniambia maneno mengi hivyo tangu niache chuo mwaka wa pili.

Nyuki wa pili aliniuma Machi. Mmoja tu, shingoni. Dakika chache baadaye viganja vilikuwa vinawasha, midomo imefura, na hewa imekuwa kitu cha kutafuta. Baba alinibeba mpaka kwa Probox ya jirani. Hospitalini wakanidunga adrenalini pajani, na pumzi ikaanza kurudi polepole.

"Lakini ni nyuki mmoja," Baba akamwambia daktari. "Na yule wa kwanza hakumfanya kitu."

Daktari alikuwa na foleni ndefu. Kazi ya kueleza ikaniangukia mimi, niliyesoma biokemia nusu.

Nilimchorea kingamwili nyuma ya risiti. Ina umbo la herufi Y. Mikono miwili ya juu hushika mgeni, na mkia hushikwa na seli za kinga, ambazo zina vipokezi vilivyotengenezwa kwa mikia hiyo tu. Kwa kawaida kingamwili inashika kijidudu kwanza, kisha seli inaukamata mkia na kummeza mgeni.

Ila kuna aina inayoitwa IgE. Miongoni mwa walioigundua, miaka ya 1960, ni Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani. Hii haingoji mgeni afike. Mkia wake unaingia kwenye kipokezi mapema, mikono ikibaki nje, wazi. Ikiwa ndani ya damu tu, huisha baada ya siku chache. Ikishashikwa na kipokezi, inaweza kukaa wiki kadhaa, na mwili unaendelea kutengeneza nyingine.

Seli zinazoibeba huitwa seli za masti. Paul Ehrlich wa Ujerumani alizipa jina hilo mwaka 1878 kutokana na neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo. Aliziona zimejaa chembechembe akadhani zimekula zikanona. Kumbe ndani ya chembechembe hizo kuna histamini, inangoja.

"Kwa hivyo Desemba," Baba akasema, "ulikuwa unajaza bunduki."

Ndiyo. Na ili ifyatuke, sumu lazima ishike kingamwili mbili jirani kwa wakati mmoja, vipokezi vyao visogezwe pamoja. Hapo seli inamwaga kila kitu. Mishipa inalegea, presha inashuka, njia za hewa zinabana. Wanasayansi wengi wanaamini silaha hii ilikuwa ya kupigana na minyoo. Mwili wangu haukuwa dhaifu. Ulikuwa unanilinda kupita kiasi.

Baba aliigeuza ile risiti, akaangalia bei, akaigeuza tena. "Haya yote ulisoma chuo?"

Nilikaza mwili mzima. Aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo yangu, na tangu niondoke, neno chuo likitajwa nilikuwa na jibu kali tayari mdomoni, hata kabla sijajua anataka kusema nini.

"Umenieleza vizuri," akasema. "Sasa mbona hukuwahi kunieleza kilichokutoa huko?"

Lile jibu kali halikutoka. Nikamwambia kuhusu usiku ambao sikulala, masomo matatu niliyoanguka, barua nilizoficha chini ya godoro. Nilimwambia nilimuogopa kuliko nilivyoogopa mitihani. Alisikiliza hadi mwisho. Hakusema pole, si mtu wa pole. Alisema tu, "Hao ng'ombe ningeuza tena," akaenda kutafuta chai.

Siku hizi nakaa Kitengela, naandika makala za watu kwa malipo ya M-Pesa, na Jumamosi moja kwa mwezi napanda matatu ya Kajiado. Mara ya mwisho niliomba asali. Ndipo nikajua mizinga yote sita alishaihamishia kwa rafiki yake, mbali na nyumba. Hakuwa ameniambia.

"Asali iko supamaketi huko kwenu Kitengela," akasema. "Ukija, niletee."