Umeona Nini?

Kwa miaka mingi tulikusanya lenzi kuukuu za kutazamia za darubini, tukivutwa na uzuri wake tu. Usiku mmoja mwenzetu avaaye miwani aliitazama Zohali, akasema, «Nimeona,» akampisha mwingine. Baadaye alikiri kwamba pete zake hakuziona.

Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumemwekea Plössl ya milimita 10, ambayo humtaka mtazamaji alisogeze jicho hadi milimita 7 hivi kutoka kwenye kioo. Miwani haipati nafasi hapo. Kuivua hakukumfaa: darubini huweza kurekebishwa kwa asiyeona mbali au karibu, lakini si kwa mwenye jicho lisilo na mviringo sawa.

Ndipo tulipoitoa sandukuni Vixen LV ya zamani, ya milimita 10 vilevile, lakini yenye kuliachia jicho milimita 20. Alitazama na miwani yake usoni. Alinyamaza kitambo, kisha akaanza kutueleza weusi uliopo kati ya pete na sayari.

Tangu hapo hatumwulizi mtu, «Umeona?» Twamwuliza, «Umeona nini?»