Bibi Aliomba Maji Usiku Kucha

Akina mama wenzangu, nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi nimeitwa wodini kutafsiri maneno ya wazee wa Kipare. Nyumbani kwangu hakukuwa na wa kutafsiri. Mama alipopatwa na ugonjwa wa kusahau nilimleta tukaishi naye hapa Morogoro. Kiswahili kilimtoka kidogo kidogo, kikabaki Kipare. Usiku mmoja nikiwa zamu aliomba maji hadi alfajiri. Binti yangu alimletea blanketi, akamwashia taa, akalia. Maji hakumpa, kwa kuwa hakujua ndiyo aliyoyataka.

Kosa lilikuwa langu. Watoto walipokuwa wadogo niliwanyima Kipare ili wasibaki nyuma shuleni. Nilimwomba Mungu msamaha.

Michezo ya kompyuta nayo nilikuwa nikiipiga vita. Siku moja nilimkuta kijana wangu anacheza, nikataka kuzima, mara nikasikia sauti ya mtu akisimulia hadithi kwa lugha nisiyoijua, kama wazee wetu jioni jikoni. Ni lugha ya Wainupiaki wa Alaska, Marekani. Mchezo huo, Never Alone, ulitoka mwaka 2014. Baraza la wenyeji, Cook Inlet Tribal Council, lilishirikiana na mafundi kuutengeneza. Binti Nuna na mbweha mweupe wanatafuta chanzo cha dhoruba ya theluji. Hadithi hiyo aliisimulia mzee Robert Nasruk Cleveland, na kabla ya kuitumia walimwendea binti yake, Bibi Minnie Gray, kuomba ruhusa. Hilo lilinigusa kuliko picha, ingawa picha nazo zinapendeza, nakiri.

Sisi hatuna mafundi wala fedha. Tulikata maboksi ya dawa, binti akachora maji, uji, moto, jembe, mbuzi. Unafunua kadi, ukiitaja kwa Kipare unaichukua, ukikosea inabaki. Mwamuzi ni bibi. Jina langu hulisahau, lakini matamshi mabaya hayapiti, hugonga meza kwa kijiko! Jumapili baada ya ibada wazee wawili wa kanisani huja kucheza, na kijana huwarekodi kwa simu.

Ugonjwa haujapungua, nisiwadanganye. Ila juzi nilitoka zamu asubuhi nikaambiwa bibi aliamka mara mbili usiku kuomba maji, na mara zote mbili alipewa.