Neno Juu ya Kofia ya Bodaboda

Aghalabu maandishi ya Kiswahili yasafiriyo yanapotajwa katika mihadhara yetu, fikra huelekea kwenye matatu, na akiwepo mtu wa pwani, kwenye kanga. Pikipiki husahaulika, ilhali tangu mwaka 2008, serikali ilipoziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani, bodaboda zimefika hata kule ambako matatu haijawahi kupiga honi. Isitoshe, maandishi yake mengine hayamo chomboni. Yamo kichwani mwa mwendeshaji, juu ya helmeti.

Ndugu yangu mdogo ni mwanabodaboda mjini Busia, mji uo huo wa mpakani ambao baiskeli zake za kuvusha watu kwenda Uganda zilituachia jina "bodaboda". Aliponunua helmeti mpya, nyeusi tititi, hakutaka kuivaa kabla haijapambwa. Basi likizo ile nikawa msomaji wa vichwa vya watu pale steji. Mmoja ameandika jina la bintiye kwa rangi nyeupe. Mwingine amebandika nembo ya Arsenal (na huvumilia masimango yote yaambatanayo nayo). Mzee mmoja ana neno moja tu, "Subira", nalo liko kisogoni, mahali panaposomwa na abiria peke yake. Abiria mwenye pupa ya kufika atalitazama njia nzima, apende asipende. Ni nani miongoni mwa washairi wetu aliyejaliwa msomaji asiyeweza kukifunga kitabu?

Urembo huo, hata hivyo, una hatari iliyojificha. Magamba ya helmeti nyingi ni ya plastiki, na baadhi ya plastiki hizo, hasa polikaboneti, hudhoofishwa na thina na rangi zenye viyeyusho. Ganda litameremeta, kumbe limeingiwa na nyufa zisizoonekana kwa macho. Fundi wa rangi alikuwa amekwisha kuchovya kitambaa katika thina nilipomsihi ndugu yangu tuondoke. Kwa kuwa hata gundi huweza kudhuru plastiki nyingine, tulisoma kwanza kijikaratasi cha mtengenezaji, kisha tukakata herufi kwa wembe kutoka kwenye utepe unaoakisi mwanga.

Nilimpendekezea methali tatu. Alizikataa zote. Alichagua "Nitarudi", neno analomwambia mama kila alfajiri akitoka. Sikuwa na la kuongeza.

Kuna kofia ya pili, ya abiria. Sheria yamtaka abiria aivae, lakini imening'inia usukanini, imejaa vumbi, haina hata nukta. Watu huikataa kwa sababu ya jasho la waliotangulia na nywele zilizosukwa kwa gharama, sababu ambazo sizibezi. Ila nashuku pia kwamba huikataa kwa kuwa si ya mtu. Nilimshauri aiandike nayo. Akaniuliza: neno gani litamfaa mgeni wa dakika kumi? "Nitarudi" halimfai, pengine anahama, pengine anakwenda kuzika. Nikasema "Karibu". Akacheka, akasema hilo ni la mlangoni mwa hoteli.

Kuhusu kitambaa safi cha kuvaliwa ndani tulikubaliana siku ile ile, na abiria kadhaa wameanza kukubali. Kuhusu neno, bado tunabishana.