Kenge wa Ziwani na Papa wa Kilindini

Kwetu, karibu na Ziwa Victoria, kenge hana rafiki. Mayai yakipotea bandani, yeye ndiye mwizi. Kifaranga akikosekana, rungu hushikwa kabla ya ushahidi kutafutwa. Mimi pia nilimhukumu hivyo, mpaka nilipokwenda Mombasa kwa likizo yangu.

Asubuhi moja nilisimama mahali wavuvi wanapoteremsha samaki. Palikuwa na jodari mkubwa, na ubavuni mwake mlikuwa na shimo la mviringo, kana kwamba lilikatwa kwa kikombe cha kahawa. Mnunuzi akapunguza bei papo hapo. Nikauliza ni mnyama gani mkubwa aliyemjeruhi hivyo. Mvuvi mmoja mzee akacheka, akasema, "Si mkubwa, mwanangu. Ni papa asiyezidi urefu wa mkono wako."

Baadaye nilisoma habari za papa huyo. Urefu wake ni kama nusu mita tu. Mchana hukaa kilindini, hata kupita mita 1,000, na usiku hupanda juu, tumbo lake likitoa mwanga wa kijani. Hujibandika kwa midomo juu ya mnyama amzidiye mbali, hata nyangumi, hukaza meno ya chini, hujizungusha, kisha huondoka na tonge la nyama. Aliyeumwa mara nyingi huishi na kovu. Katika miaka ya 1970 papa hawa walitoboa hata vifuniko vya mpira vya manowari za Marekani ziendazo chini ya bahari.

Na kenge je? Yeye ni mrefu kuliko mijusi yote ya Afrika, naye aweza kupita mita 2. Ni kweli hula mayai ya kuku; lakini hula pia mayai ya mamba, na panya, kaa na konokono. Jike hufukua kichuguu akataga humo, na mchwa wenyewe huliziba tundu, mayai yakakaa salama katika joto.

Basi, ndugu msomaji, mkubwa huonekana akalaumiwa kwa yote. Mdogo hula akaenda zake, hasara ikamfika mvuvi.

Niliporudi nyumbani nilikuta mayai yamepotea tena, na jirani yangu ameshika rungu. Nikamsihi tutazame mchanga kwanza. Hapakuwa na alama ya mkia ulioburuzwa. Palikuwa na nyayo ndogo za nguchiro. Siku ile tulitengeneza mlango wa banda, na kenge akaachwa aende zake ziwani.