Muhuri Hauzuii Radi

Sisi tuliozaliwa Nyasubi, mjini Kahama, tumekua juu ya ardhi yenye dhahabu pasipo kufundishwa namna ya kuikanyaga. Ndiyo maana mwalimu anapoamua kuwatoa wanafunzi darasani ili wakasome miamba, udongo na maisha ya wachimbaji uwandani, mimi humuunga mkono. Mtoto aliyekulia jirani na Buzwagi na Bulyanhulu, kisha akaijua migodi kwa mchoro wa ubaoni tu, amepunjwa elimu yake. Swali langu, basi, si kama waende. Nauliza ni nani mwenye mamlaka ya kusema: leo hatuendi.

Nilialikwa na shule moja ya sekondari kusaidia kuandaa ziara ya kidato cha tatu kwenye eneo la wachimbaji wadogo. Mwalimu wa Jiografia, bado kijana, alitangulia kwa bodaboda siku moja kabla. Akakuta njia iliyotumiwa mwaka uliopita inapita kando ya maduara yaliyoachwa wazi, midomo yake imefichwa na nyasi za msimu wa mvua. Akabadili njia. Akawagawa wanafunzi kumi kumi, kila kundi na mtu mzima wake. Akapanga nani aongoze na nani afunge msafara, wahesabiwe wapi, simu inashika mtandao wapi, na gari lipi lisubiri kumkimbiza majeruhi hospitalini. Akakataza kukaribia mahali pa kuchomea dhahabu, kwa kuwa mvuke wa zebaki hauonekani na huingia mwilini kwa pumzi tu.

Asubuhi ya safari wingu zito lilitanda, radi zikaanza kunguruma. Akaahirisha. Wazazi walikwisha kutoa michango, basi lilikwisha kukodiwa, kibali kilikwisha kugongwa muhuri. Kesho yake akaandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Ziara ilifanyika kiangazi, wote wakarudi salama; barua ile imebaki kwenye jalada lake.

Je, alikuwa mwoga? Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, nao walikuwa shuleni, si porini. Mwaka 2015, huko Nyangalata, Kahama, wachimbaji 5 waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Hao walikuwa watu wazima na wazoefu wa mashimo. Na hatari huanzia barabarani. Tarehe 6 Mei 2017 taifa liliwalilia wanafunzi 32 wa Lucky Vincent ya Arusha, walimu wao 2 na dereva, basi lao lilipotumbukia korongoni Karatu wakienda kufanya mtihani wa kujipima na wenzao.

Ndugu msomaji, nililipitia jalada la ziara ile. Lilikuwa na bajeti, orodha ya majina na saini za wazazi. Fomu ya ridhaa hutufariji, lakini haifukii shimo. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema nani amekagua njia, wala nani anaweza kusitisha safari. Tumejenga utaratibu unaomhoji anayeahirisha na kumwacha anayejiendea tu bila kukagua.

Kwa watumishi wa elimu wanaosoma hapa, ninaomba mambo matatu yaingie kwenye kibali: jina la aliyetangulia kukagua na tarehe aliyokagua; jina la mwenye uamuzi wa kusitisha pasipo kuomba ruhusa ya mtu; na tarehe ya pili, ili michango ya wazazi isipotee mvua ikinyesha. Hayo hayahitaji mfadhili. Kwa wazazi: mwalimu akikurudishia mtoto nyumbani kwa sababu ya wingu, usimdai nauli. Mshukuru, tena kwa maandishi, ili shukrani hiyo nayo iingie kwenye jalada.