Jirani na Umubanyi

Jioni moja, katika darasa la Kiswahili ninalofundisha hapa Mutakura, kaskazini mwa mji wa Bujumbura, mwanafunzi mmoja wa makamo aliniuliza swali lililonitoa jasho. Tulikuwa tumesoma habari za yule Msamaria aliyemhurumia mtu asiyemjua. Akasema, "Mwalimu, sisi katika Kirundi tuna neno umubanyi, litokanalo na kubana, yaani kuishi pamoja. Je, jirani wa Kiswahili naye ni mtu tunayeishi naye, au ni yule tu ambaye nyumba yake i karibu?"

Nilimjibu kiualimu: neno jirani lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni mtu wa nyumba ya karibu. Akaliandika daftarini. Lakini mimi nilirudi nyumbani moyo ukinisuta.

Ndugu wasomaji, mwaka 2015, maandamano yalipoanza mwezi wa Aprili, Mutakura ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyopata taabu kubwa. Usiku mmoja risasi zililia karibu nasi. Mimi na jamaa zangu tulikuwa tumepiga magoti tukisali rozari. Mara mlango wa ua ukagongwa. Aligonga mtu ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Sauti yake niliitambua. Sikufungua. Nilipaza sauti ya sala, nisimsikie. Kulipokucha hakuwapo, na nyumba yake ilikuwa wazi.

Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anashangaa jinsi mtu anavyoweza kudai kuwa anampenda Mungu asiyemwona, hali anamchukia ndugu yake anayemwona. Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba maneno hayo hayanihusu, maana sikumchukia yule bwana hata siku moja. Niliogopa tu. Wahubiri wetu hutuonya sana juu ya chuki. Juu ya woga husema machache (labda kwa kuwa nao wana milango ya kufunga). Lakini aliyesimama nje ya ua wangu angefaidika nini kwa kujua kwamba sikumchukia?

Huwakumbuka wale vijana wa Seminari Ndogo ya Buta, huko Bururi, kusini mwa nchi yetu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 washambuliaji waliwaingilia bwenini, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande wa pili. Walikataa. Wakauawa 40. Mwaka 2019 Kanisa lilifungua rasmi shauri la kuwatangaza kuwa wenye heri. Mimi huwaza zaidi ule muda mfupi kabla ya risasi. Yamkini nao waliogopa, kwani walikuwa wanafunzi tu. Hata hivyo hawakuachana. Sijui walisali sala gani, wala sidhani kwamba walikuwa na nafasi ya kusali sana.

Jirani yangu alirudi baada ya miaka miwili. Siku ya tatu aligonga mlango uleule, mchana kweupe, akaazima jembe. Nilifungua kabla hajagonga mara ya pili. Hakuutaja usiku ule, wala mimi sikuutaja. Tumeamkiana tangu hapo kila asubuhi, naye hunijulia hali ya watoto.

Jembe lingali kwake. Kesho, kabla ya kipindi, nitakwenda kulichukua, nimweleze kwamba usiku ule nilikuwamo ndani.