Kazi ya Mkono na Daftari Lake

Wengi wenu mna vitambaa vya kroshia nyumbani: juu ya meza, juu ya makochi, au vimekunjwa sandukuni vikingoja siku ya wageni. Sisi ni walimu wawili wa kazi za mikono katika shule ya kijiji, na leo twataka kuwaeleza habari ya kitambaa kimoja kilichotufundisha jambo tulilokuwa hatulijui, ingawa tumeshika sindano ya kroshia tangu utoto wetu.

Katika kijiji chetu alikuwako bibi mmoja, fundi hasa. Alifuma nyota za ncha sita, akaziunga moja moja hata zikawa kitambaa cha meza. Hapakuwa na mwingine aliyejua kuzifuma, maana alizibuni mwenyewe. Tulipomwomba atufundishe alicheka, akasema, "Njoni mkae, wanangu, mtazame mikono yangu." Tulikwenda mara mbili, kisha shughuli za shule zikatuzuia. Tulijiambia kwamba bibi yupo na siku zipo. Mara bibi akafariki.

Baada ya matanga akaja kwetu mjukuu wake, amechukua kikapu. Ndani yake mlikuwa na nyota 31 pamoja na uzi uliobaki. Bibi alikuwa akimfumia kitambaa cha arusi yake, nacho kilitakiwa kuwa na nyota 48. Akatuamkia, akasema, "Walimu, nimewaletea kazi ya bibi. Naomba mnimalizie."

Tuliona haya kumwambia kwamba hatujui. Tulizigeuza zile nyota huku na huku, tukajaribu siku tatu usiku, na kila tuliyoifuma ilikuwa nyota nyingine, si ya bibi. Ndipo tulipofahamu kwamba imebaki njia moja tu, nayo ni kufumua nyota moja mshono kwa mshono, na kuandika kila tukionacho uzi unapotoka. Lakini nyota zile zilifumwa na mikono ambayo haitafuma tena. Tungewezaje kuiharibu hata moja? Tulimwita binti tukamwambia kweli yote. Alinyamaza kitambo, akaingiza mkono kikapuni, akachagua moja mwenyewe, akatupa. "Fumueni, walimu," akasema. "Afadhali moja ipotee, hizi nyingine zipate wenzao."

Kazi ile ilituchukua jioni mbili. Kroshia hufumuka kuanzia mwisho wake, kwa hiyo tuliisoma akili ya bibi kinyumenyume, toka ncha mpaka katikati. Mmoja wetu alivuta uzi polepole, mwenzake akaandika. Tukaona kwamba mzunguko wa kwanza ulikuwa na mishono mirefu 12, wa pili 24, na wa tatu 36; kisha zikafuata ncha sita, kila ncha imesimama juu ya mishono 6. Bibi hakukaa darasani hata siku moja, walakini hesabu yake ilikuwa timamu. Maana mishono mirefu ifumwapo kwa mviringo hutaka kuongezwa 12 katika kila mzunguko ili kitambaa kilale. Ukipunguza, kitainuka kama bakuli. Ukizidisha, kitafanya mawimbi kama ukingo wa jani la kabichi.

Basi tulifurahi, tukaandika karatasi safi, tukampa msichana mmoja wa darasa la saba ambaye hakuwa ameiona nyota ile. Siku ya pili akatuletea nyota yenye ncha sita na nusu! Tulidhani amekosa kuhesabu, hata karibu tumkemee. Lakini tulipoisoma tena karatasi yetu tuliona kwamba kosa ni letu. Tuliandika, "Anza kwa vitanzi 3 vya mnyororo, kisha ufume mishono mirefu 12." Kwetu sisi vile vitanzi 3 vilikuwa ni mshono wa kwanza, kwa hiyo ilibaki kufuma 11 tu. Jambo hilo mikono yetu ililijua, lakini kalamu haikulisema. Msichana akatii neno kwa neno: akapata 13, kisha 26, kisha 39; na 39 ukigawanya kwa 6 hubaki 3, ndiyo ile nusu ya ncha.

Hapo tukajifunza kwamba kubuni ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kuandika hata mtu asiyekujua aweze kufuma bila wewe kuwapo. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaona kwamba ufundi nao ni mali.

Wala shida hii si ya kijijini kwetu tu. Violezo vya kroshia vilipigwa chapa zamani; mwaka 1823 gazeti moja la Uholanzi, jina lake Penélopé, lilikuwa limekwisha kuvitoa. Katika Njaa Kuu ya Ireland, iliyoanza mwaka 1845, wanawake wengi wa nchi ile walifuma lesi ya kroshia wakaiuza, na nyumba nyingi zilipata chakula kwa sindano ile. Hata leo Waingereza na Wamarekani hawajapatana kwa majina ya mishono. Mshono mfupi ambao Mwingereza huuita maradufu, Mmarekani huuita wa peke yake. Naye Mmarekani asemapo maradufu ana maana ya mshono mrefu zaidi. Mfumaji asiyejua kiolezo kimetoka wapi hufuma kitu kingine kabisa. Kwa hiyo, mwandishi mwema hueleza kwanza maana ya kila neno atakalolitumia.

Kama wewe, msomaji, wataka kuanza kubuni, haya ndiyo tuliyoyaona kuwa yafaa. Kwanza, chagua kitu kidogo, kama kitambaa cha kuwekea kikombe. Pili, fuma kipande cha kujaribia kwa uzi uleule na sindano ileile utakayoitumia, ukipime kwa rula. Tuseme umepata mishono 20 katika sentimeta 10, nawe wataka kitambaa chenye upana wa sentimeta 45. Basi yakupasa mishono 90. Lakini kama pambo lako hurudi kila baada ya mishono 8, ile 90 haigawanyiki sawasawa. Chukua 88, na kitambaa kitakuwa na upana wa sentimeta 44. Ni afadhali kupungukiwa na sentimeta moja kuliko kukata pambo katikati.

Tatu, weka daftari magotini, si kabatini. Andika kila mstari mara uumalizapo, na mwisho wa mstari uandike jumla ya mishono, ili mwenye kukosa alijue kosa lake mapema. Andika pia unene wa uzi, namba ya sindano, na kama vitanzi vya mwanzo huhesabiwa ama sivyo. Nne, mpe karatasi mtu mwingine, nawe ukae mbali naye. Kila atakapouliza, usimjibu kwa kinywa tu, bali sahihisha karatasi. Siku hizi wasichana huonyeshana picha za vitambaa katika simu. Ni jambo jema, lakini picha yaonyesha nyumba iliyokwisha kujengwa, haionyeshi msingi. Tena, ukifuata kiolezo cha mwingine, sema ni cha nani, wala usikiuze kama chako.

Nasi tulipokwisha kujua njia, tukathubutu kubuni cha kwetu wenyewe. Tulitazama ua la boga shambani, lenye ncha tano. Mizunguko yetu yaongezeka kwa 12: 12, 24, 36, 48. Hata mmoja haugawanyiki kwa 5. Tulikaribia kukata tamaa, kisha tukafuma mzunguko mmoja zaidi, tukapata 60, na kila ncha ikapata mishono 12 bila kubaki hata mmoja. Tulicheka kama watoto.

Na ile kazi ya arusi? Tulifuma nyota 17 zilizopungua. Kisha tukauchukua ule uzi tulioufumua, uliokuwa umejikunjakunja kwa kukumbuka umbo lake la kwanza, tukauosha, tukaunyosha, tukaifuma nyota ya 18 kwa uzi uleule. Binti alipokuja tulimtandazia kitambaa mezani. Aliinama akitafuta ile aliyotupa kwa mkono wake, akashindwa kuitambua. Akalia kidogo, nasi tukamwacha alie.

Karatasi ya nyota ile ipo shuleni kwetu, nayo imekwisha kunakiliwa na wasichana wengi. Juu yake hatukuandika majina yetu. Tumeandika jina la bibi, na chini yake hesabu yake: 12, 24, 36. Nawe, kama nyumbani kwako yuko mzee afumaye pambo ambalo wewe hulijui, usiseme kwamba siku zipo. Chukua daftari, uende leo jioni, ukae karibu na mikono yake.